Wapangaji wa Simenti

Benchi lipo kwenye kibaraza cha duka langu la ushonaji, ingawa hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya kuliweka. Siku moja nilikuja kufungua nikakuta limeshaota miguu pale, katikati ya mlango wangu na mlango wa kinyozi, na wanaume wameshalikalia kama waliozaliwa juu yake. Nikaacha. Mteja akija kupima suruali anapata wa kuongea naye, na mimi cherehani inakwenda vizuri zaidi nikiwa na kelele za kusikiliza. Wananiita Dada Uzi. Kinyozi tunamwita Wembe, na anabishana huku ananyoa, ndiyo maana wateja wake hutoka na visogo vyenye maoni tofauti. Waziri hajawahi kuwa waziri hata wa ndotoni: alilinda geti la wizara mpaka akastaafu, basi kila jambo la serikali anadai alilisikia likipita. Birika ndiye anayeleta kahawa, asubuhi na alasiri, na kwa kuwa anaingia nyumba nyingi anajua habari kabla wenyewe hawajazijua. Wa mwisho ni Simenti, mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa huu zimepita mikononi mwake, ikiwemo yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo Simenti alifika amevaa shati nililomwona nalo tangu Ijumaa, na ilikuwa Jumatano. Nywele zina vumbi la saruji, na kazini alikuwa hajaenda bado. Alipokea kikombe bila kumtania Birika, akakizungusha mkononi, hanywi.

— Hivi jamani, — akaanza, — kuna jamaa yangu mmoja hivi, ninyi hammjui.

— Kama hatumjui, anatudai nini? — Waziri akadakia.

— Hadai kitu. Ameuza nyumba yake. Sasa mke wake amekwenda ofisi ya ardhi kuizuia. Nauliza tu, hilo linawezekana? Mtu kuzuiwa kuuza kitu chake?

Waziri akakohoa, akakaa vizuri, kama ambavyo hukaa kila anapotaka kutunga sheria.

— Haliwezekani. Hati ina jina la nani?

— La jamaa.

— Basi limekwisha hilo. Sheria inasoma jina. Haiingii chumbani kuuliza nani analala upande wa ukutani.

— Mimi hapo nakataa, — Birika akasema, birika bado liko mkononi. — Mimi naingia majumbani kwa watu. Ukitaka kumjua mwenye nyumba, zima taa, halafu agiza chumvi. Atakayeileta bila kujikwaa, nyumba ni yake.

— Kwa hiyo paka naye apewe hati?

— Paka haagizwi chumvi, Waziri.

Mteja aliyekuwa kwenye kiti cha Wembe, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado, akacheka mpaka shuka likamshuka begani. Wembe hakucheka. Alimpandishia shuka, akaendelea kunyoa. Nikashangaa kidogo, maana Wembe hajawahi kuliacha neno likapita bila kulirukia.

Waziri alikuwa hajamaliza. Akashusha sauti, akatazama huku na huku kana kwamba geti bado analilinda.

— Sasa nawapa siri ya serikali, isitoke hapa. Nyumba yenye familia, kisheria, inagawanywa kwa plasta. Plasta ya ndani ni ya mke. Plasta ya nje ni ya mume. Bati ni la serikali, kwa sababu mvua ni ya serikali. Mume akitaka kuuza, auze nje tu. Mnunuzi akija, anakaa nje anatazama ukuta wake.

— Na kama nje hakuna plasta? — Birika akauliza.

— Hapo mume hana chake kabisa!

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, kisha kicheko kikanikatika. Mtaani kwetu kuna nyumba moja tu ya tofali tupu kwa nje, vyumba vitatu na sebule, ambayo mwenyewe amekuwa akiahidi kuipiga plasta tangu watoto wake wanatambaa. Mwashi wa watu wote, na nyumba yake haina nguo.

Simenti akaweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamwagika.

— Nyumba ni ya aliyeijenga! Hayo mengine ni porojo. Aliyekaa juani akapanga tofali, akapima, akasimamisha ukuta. Tofali zile nilizinyanyua kwa mikono hii… yaani, alizinyanyua.

Waziri hakushika. Birika alikuwa anafuta kahawa iliyomwagika. Mimi nikasimamisha cherehani.

— Na maji ya kuchanganyia saruji alichota nani? — nikauliza.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimefungua duka hili karibuni tu, wakati huo mtaa hauna bomba hata moja, na mwanamke mmoja alikuwa akipita hapa mbele na ndoo kichwani, anakwenda na kurudi, tumbo limemtangulia. Siku moja akaitua ndoo hapo kwenye ngazi, akaingia, akaniomba nimwongezee gauni kitambaa ubavuni maana lilikuwa halifungi tena. Hatukujua bado kwamba ni wawili. Walipozaliwa ndipo akawa Mama Pacha, na mpaka leo simwiti vingine.

— Simenti, — Birika akasema taratibu, — huyo jamaa yako ni wewe?

Angeweza kukana. Badala yake aliegemeza viwiko magotini, akatazama viatu vyake.

— Ni mimi.

Birika akaketi, jambo ambalo halifanyi akiwa kazini.

Basi Simenti akatusimulia, vipande vipande, bila kumtazama mtu.

Kulikuwa na tenda. Mkandarasi mmoja anajenga madarasa nje ya mji, anatafuta fundi mwenye mashine yake ya zege. Si kibarua wa kuitwa siku akihitajika, bali fundi wa kupewa jengo zima. Simenti alisema amechoka kujenga maghorofa ya watu kwa kuitwa kwa mluzi. Alitaka naye siku moja asimame pembeni, mikono kiunoni, aonyeshe wengine. Mashine hana. Akatazama alichonacho duniani, akaona nyumba.

— Nilisema nauza, nafanya ile kazi, baada ya mwaka namjengea nyingine. Kubwa. Yenye plasta. Ningemwambia baadaye, aione imeshasimama.

— Ungemwambia wapi? — nikauliza. — Mkiwa mmesimama barabarani?

— Tungepanga kwa muda.

— Hilo ulimwambia?

Akatikisa kichwa.

Mnunuzi alipatikana, dereva wa malori, mtu mstaarabu tu anayetafuta pa kuweka familia yake. Siku alipokuja kuiona nyumba, Mama Pacha alikuwa kwa dada yake. Mnunuzi akaona nguo zimeanikwa uani, akaona masufuria, akauliza waliomo ni akina nani. Simenti akamjibu: wapangaji.

— Lilinitoka tu, — alisema. — Nilikuwa sijalipanga.

Neno likishatoka linataka wenzake. Walipofika kwa wakili kuandikishana, wakili akauliza jambo moja kabla ya yote: una mke? Kwa sababu kama unaye na mnaishi humo, naye lazima aje aridhie kwa mkono wake, la sivyo siwezi kuendelea. Simenti akajua akimleta Mama Pacha biashara imekufa. Akajibu kwamba hana mke. Wakili akauliza tena. Akarudia. Akaambiwa anyanyue mkono aape, akanyanyua, akaapa kwamba hana mke na waliomo ndani ni wapangaji. Jioni akarudi nyumbani, akakuta maji ya kuoga yamewekwa, akaoga, akala.

— Ulikula? — Birika akauliza.

— Nilikula.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikajifanya natafuta pini sakafuni.

Ijumaa mnunuzi alikuja na utepe wa kupimia. Alitaka kujua madirisha yana upana gani. Mama Pacha alimfungulia, akadhani ni mtu wa umeme. Yule bwana akapima dirisha la kwanza, akapima la pili, halafu kwa adabu kabisa akamwambia: mama, sikukimbizi, ila nilitaka kujua wewe mpangaji utahama lini.

— Mama Pacha alikupigia simu? — Waziri akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

— Hakunipigia. Alimwandalia mgeni kiti. Akamuuliza amenunua kwa nani, akaelezwa kila kitu. Niliporudi mimi, nguo zangu za kazi zilikuwa kwenye mfuko, mlangoni. Hakunitukana. Aliniambia, “Mpangaji amebadilisha kitasa.”

Tangu siku hiyo Simenti alikuwa akilala kwenye jengo analolijenga, juu ya mifuko ya saruji.

Waziri hawezi kukaa kimya sana, ni kama ugonjwa. Akajaribu kumpa moyo mwenzake kwa njia anayoijua.

— Lakini bado hati ina jina lako. Hapo ofisi ya ardhi watampigia kelele tu, atarudi.

— Tumeshakwenda, — Simenti akasema. — Tuliitwa Jumatatu. Mimi, yeye, mnunuzi na wakili.

Afisa aliyewasikiliza alikuwa dada wa umri wa pacha wao. Alieleza bila kupandisha sauti, na Simenti alituelezea kama alivyoyashika. Nyumba ya familia, kwa sheria, ni ile ambayo mume na mke wanaishi na kuifanya makazi yao. Haijalishi hati imeandikwa jina la nani. Mmoja hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuigawa bila mwenzake kuridhia kwa maandishi. Na yule ambaye jina lake halimo, kuishi kwake mle na jasho lake ni haki tosha ya kuweka zuio, na zuio likishawekwa hakuna anayehamisha hati mpaka ukweli ujulikane. Akamgeukia mnunuzi akamwambia hata yeye alipaswa kuwauliza waliomo ndani, asiridhike na maneno ya nje. Mnunuzi akasema, “Ni kweli, dada yangu,” akakunja kofia yake mikononi.

Halafu wakili naye akajitetea.

— Alimgeukia Mama Pacha, — Simenti akasema. — Akamwambia, “Mama, nilimuuliza mara mbili. Nikamnyanyulisha mkono. Akasema hana mke, ninyi ni wapangaji wake.” Alisema mbele ya watu wote. Na mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inasikia.

— Mama Pacha akasemaje? — nikauliza.

Simenti akapangusa uso kwa kiganja, vumbi likabaki kwenye nyusi.

— Hakulia. Nilikuwa naomba alie. Alimuuliza wakili, “Na aliwaambia nalipa kodi shilingi ngapi?” Basi. Yule dada wa ardhi aliinama akawa anatafuta kalamu, na kalamu anayo mkononi.

Mashine ya kunyolea ya Wembe pekee ndiyo ilikuwa inaunguruma, nayo ilikuwa imesimama mahali pamoja kichwani kwa mteja.

— Jana pacha mmoja amepiga simu, — Simenti akaendelea, kama mtu aliyeamua kutapika yote. — Yule aliye kazini mbali. Hakunisalimia. Aliuliza, “Baba, na sisi tulikuwa wapangaji?” Nikamwambia subiri nikueleze. Akakata.

Birika alikuwa ameshika kikombe kitupu, anakifuta kwa kitambaa, anakifuta tena. Nilimsikia akisema “loh” peke yake, chini kwa chini.

Waziri ndiye aliyeshindwa kuvumilia aibu ile ikae pale benchini bila kuhamishwa. Ikabidi aitafutie mtu mwingine.

— Mimi kuna mmoja ambaye simwelewi, — akasema, na sauti ikaanza kurudi juu. — Kiapo kina shahidi. Lazima awepo mtu anayekujua aseme ni kweli, huyu bwana hana mke. Sasa huyo shahidi ni mtu wa namna gani? Simenti alikuwa na tamaa ya mashine, sawa, binadamu. Huyo mwingine alitafuta nini? Kuna adhabu yake, mimi niliisikia ikipita. Anavuliwa uraia miezi sita.

— Waziri, — Simenti akasema.

— Niache. Anatembezwa mtaani na ngoma, kila nyumba anasimama anasema mimi ndiye. Na mkewe mwenyewe anaruhusiwa kumuuza.

— Waziri, basi.

— Sibasi! Huyo ndiye mbaya kuliko wewe. Ni nani? Tumjue!

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

— Ni mimi, — Wembe akasema.

Hakugeuka. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, anajitazama kwenye kioo kikubwa cha ukutani, na sisi sote tukamwona usoni kupitia kioo hicho hicho. Akaona tunamwona, akatazama pembeni.

— Wewe? — Waziri akasema. — Wewe uliyekula harusi yao?

— Aliniomba.

— Alikudanganya ni karatasi za nini? — nikamuuliza, nikitaka sana ajibu kwamba alidanganywa.

Njia ya kutokea niliifungua mwenyewe, na niliona Wembe anaitazama. Simenti naye alinyanyua kichwa, akamtazama kama anayesema: nisingizie tu, mimi nimeshachafuka.

— Hakunidanganya, — Wembe akasema. — Nilijua. Wakili aliniuliza, “Unamfahamu huyu kuwa ni mtu asiye na mke?” Nikasema ndiyo. Nilidhani ni maneno ya ofisini, jamani. Mtu unajibu ndiyo, unatia saini, unatoka. Tulipotoka tulikunywa soda.

Mteja wa kichwa nusu akasimama polepole, akajifungua shuka mwenyewe, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Akavaa kofia juu ya ule unyoaji ambao haujaisha, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemwita.

Ndipo Mama Pacha akatokea.

Hajawahi kuja benchini. Akiwa na shida na mumewe hutuma mtu, na akiwa na shida na mimi hupitia mlango wa nyuma. Siku hiyo alikuja kwa mbele, amevaa gauni la bluu nililomshonea mwaka jana, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Niliona kwamba amejiandaa kama mtu anayekwenda ofisini. Simenti alimwona, akasimama, akaketi, akasimama tena. Waziri akasogea mwisho wa benchi kabisa, akawa hana tofauti na nguzo.

— Hamjambo, — akasema.

Tukajibu kama watoto wa shule, kila mtu na wakati wake.

Hakumtazama mumewe. Alimpita, akasimama mlangoni kwa kinyozi. Wembe akatoka, mikono anaipangusa kwenye koti lake jeupe, ingawa haikuwa na kitu. Na kwa sababu ndivyo alivyomsalimia miaka yote, na kwa sababu mdomo una mazoea yake, akasema:

— Karibu, shemeji.

Mama Pacha akamtazama. Si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesikiliza kitu ambacho hakukisikia vizuri.

— Shemeji wa nani? — akauliza.

Wembe akamtazama Simenti, na Simenti alikuwa anatazama sakafu. Akamtazama Waziri, mtu mwenye jibu la kila kitu, na Waziri alikuwa anasoma maandishi ya gari lililopaki ng'ambo ya barabara. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama juu ya upindo wa suruali ambao nilishaumaliza. Sikuapa mimi, sikutia saini mimi, lakini nilisikia uso unanichoma, kwa sababu nilikuwa nimecheka asubuhi ile, kuhusu plasta.

Alingoja. Alingoja kwa haki kabisa, kama mtu aliyeuliza njia. Alipoona hakuna wa kumjibu, akaliendea lililomleta.

— Kesho saa tatu ofisi ya ardhi wanataka shahidi aje mwenyewe. Nimekuja kukuambia ili usiseme hukuambiwa. Sikuombi useme chochote kwa ajili yangu. Sema unachokijua.

Akageuka kwangu.

— Dada Uzi, kazi njema.

— Asante, mama, — nikasema.

Akashuka ngazi, akaenda zake. Birika akamimina kahawa iliyobaki kwenye vikombe vyote, mpaka cha mteja aliyeondoka, na hakuna aliyekunywa. Alivikusanya vimejaa vile vile, akamwaga kahawa barabarani.

Wembe alikwenda. Nilimwona kesho yake asubuhi amefunga duka lake, amevaa suti aliyovaa kwenye harusi ya mwanawe, anatembea upande wa kivuli. Simenti alimfuata nyuma, hawakuwa pamoja. Walioshuhudia wanasema Wembe alisimama mbele ya yule dada wa ardhi akasema: mama huyu ni mke wa huyu bwana, nilikuwepo walipooana, na nyumba ile ni kwao. Alipoulizwa kwa nini alisema vingine mara ya kwanza, alijibu hana sababu. Yule dada akamwambia kiapo cha uongo kina kesi yake, na jambo hilo atalijibu mahali pengine. Bado analijibu mpaka leo, hufunga duka siku za kuitwa.

Mauzo yalifutwa. Mashine ya zege, ambayo Simenti alikuwa ameshainunua kwa pesa za mauzo, ilirudishwa kwa aliyeiuza, tenda akapewa fundi mwingine, na yule dereva wa malori akarudishiwa chake. Siku ya mwisho alimwomba Mama Pacha radhi kwa kumwita mpangaji, mtu pekee aliyefanya hivyo bila kulazimika. Mama Pacha akaomba jina lake nalo liingie kwenye hati. Yule dada wa ardhi akamweleza kwamba hata lisipoingia, sheria inamlinda. Akajibu anajua, ila analitaka liwepo. Simenti alitia saini pale pale.

Benchi halijaondoka. Wanakaa, wanakunywa, lakini Waziri siku hizi anazungumzia mpira tu, na sheria za mpira amezitunga upya zote. Wembe, Mama Pacha akipita, husema “habari za asubuhi” halafu pana pengo, pale ambapo palikuwa na neno. Yeye huitikia, nzuri, anapita.

Simenti alirudishwa nyumbani baada ya dada zake wote wawili kuja kumwombea. Tulimpongeza. Alikuja benchini na shati safi, lililopigwa pasi. Birika akamjazia kikombe mpaka juu.

— Eeh, bwana! Mambo yamekaa sawa sasa?

— Yamekaa.

— Anaongea na wewe?

— Anaongea. Hana shida. — Simenti akapuliza kahawa, hakunywa. — Kila nikirudi kazini, namkuta sebuleni. Ananyanyuka, ananionyesha kiti, ananiambia karibu.

— Sasa si vizuri?

— Kwangu mwenyewe, Birika. Ananiambia karibu.

Birika akanitazama mimi. Nikakanyaga cherehani.